Siku Ishirini na Moja: Jawabu kwa Mgonjwa wa Saratani Aliyeko Nyamongo

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa maradhi na Muumba wa dawa. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: imetufikia barua kutoka Nyamongo, katika wilaya ya Tarime, mkoa wa Mara, kwa mtu aliyekuwa mwanafunzi wetu chuoni miaka mingi iliyopita, kisha akasafiri kutafuta riziki kama wasafirivyo vijana wetu wengi wa pwani. Nyamongo ni mji wa dhahabu. Mgodi mkubwa wa North Mara ulianza kazi mwaka 2002, na pambizoni mwake wako wachimbaji wadogo wenye nyundo na makarai. Na penye wachimbaji hapakosi wauza chai, wauza nguo na wenye nyumba za wageni. Ndugu yetu huyu auza kanga na vitambaa sokoni. Mwaka jana alionekana na saratani ya tezi za shingoni na kwapani, na sasa atibiwa katika hospitali ya Bugando, Mwanza, kwa tiba ya kemikali, ambayo wagonjwa huiita kemo: dawa zitiwazo katika mshipa kwa dripu, kila baada ya siku ishirini na moja.

Atuandikia hivi: “Maalim wangu, shikamoo. Maradhi nimeyapokea, lakini kuishi nayo sijajua. Siku nyingine sinyanyui kopo la maji, siku nyingine nafungua duka kama mzima, na watu husema najifanya. Sala zangu zimeingia fujo. Mama ataka nirudi Pangani ninywe kombe, niache hizo sindano, kwani asema ndizo zinazoniua. Nifanyeje?”

Tumeona jawabu yake isiwe yake peke yake, kwa kuwa hapana mtaa leo katika pwani yetu usiokuwa na mgonjwa wa namna hii; na wengi wao huharibikiwa si kwa maradhi bali kwa kutojua mwendo wa dawa yao.

Basi jua, ewe ndugu, ya kwamba saratani ni chembe za mwili zilizoasi, zikawa zazaana pasipo mpaka. Na dawa hizi huziua chembe zizaanazo kwa haraka, wala hazina macho ya kupambanua iliyoasi na isiyoasi. Na katika mwili mzima mna chembe zizaanazo haraka kwa amri ya Mola wao: za mizizi ya nywele, za ngozi ya ndani ya kinywa na matumbo, na za uboho ndani ya mifupa zitengenezazo damu. Hizo nazo hupigwa. Ndiyo sababu nywele zikaanguka, kinywa kikafanya vidonda, chakula kikakataa, na damu ikapungua askari wake. Lakini chembe nzima zina nguvu ya kujirejesha kuliko zilizoasi. Na zile siku ishirini na moja zimewekwa makusudi, ili nzima zipate kuinuka na zilizoasi zipigwe tena kabla hazijainuka. Mwenye kuchelewesha zamu yake pasipo amri ya tabibu humpa adui nafasi.

Wala mtu asidhani kuwa dawa hizi ni jambo geni lililoletwa jana. Denis Burkitt, tabibu wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 khabari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto wa nchi hizi zetu, na mwaka 1961 akasafiri kwa gari yeye na wenziwe wawili kutoka Uganda hatta Afrika ya Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali ni wapi uvimbe huo upo na wapi haupo. Katika miaka ile ile ya 1960 watoto hao walitiwa dawa mshipani, na wako waliopona kabisa. Mojawapo ya dawa hizo, saiklofosfamidi, ni hiyo hiyo iliyomo katika dripu ya ndugu yetu. Na dawa yake nyingine, vinkristini, asili yake ni ule mmea mdogo wa Bukini wenye ua la rangi ya waridi au jeupe, la majani matano, uliopandwa mbele ya nyumba nyingi za pwani kwa pambo. Walakin mtu asije akauchemsha akanywa. Ni sumu, na hekima yote imo katika kipimo.

Sasa tuje katika siku zenyewe, kwani hapa ndipo ilipo jawabu ya suali lake. Siku za mgonjwa huyu si sawa, na anayetaka kuishi nazo kama siku za watu wengine atachoka bure. Tumemwambia achukue kokwa za tende ishirini na moja, azitie katika bakuli, na kila baada ya Alfajiri atoe moja, ili yeye na mkewe na watoto wajue siku ni ya ngapi. Si uchawi wala si tasbihi. Ni hisabu tu.

Siku ya kwanza ni ya dripu. Siku ya pili hadi ya tano ni za kichefuchefu na za vile vidonge apewavyo vya prednisoloni, ambavyo hutia njaa na kukosesha usingizi. Avinywe asubuhi pamoja na chakula, si usiku. Dawa ya kuzuia kutapika ainywe kwa saa zake hata kama hatapiki, kwa kuwa kutapika kukishaanza ni kugumu kukuzuia. Na vidonge vile vikimalizika, aghlabu mtu huanguka: viungo vizito, moyo mzito, machozi karibu. Asidhani kuwa imani yake imepungua. Ni dawa iliyotoka mwilini, na baada ya siku mbili tatu huinuka. Katika siku mbili za mwanzo anywe maji mengi na aende haja ndogo mara kwa mara, kwani saiklofosfamidi hukaa katika kibofu ikakichoma. Akiona mkojo mwekundu siku ya kwanza asiogope: ni rangi ya dawa ya tatu, ile nyekundu, doksorubisini. Bali ukiwa mwekundu baada ya siku hizo, hiyo ni damu, na atazamwe.

Kuanzia siku ya saba mpaka ya kumi na nne ni siku za khatari. Na ajabu yake ni kuwa aghlabu mgonjwa huwa amepata nafuu: ala, acheka, ataka kutoka. Lakini hizo ndizo siku askari wa damu wamekuwa wachache mno, na kijidudu ambacho kwa mtu mwingine ni mafua tu, kwake chaweza kuwa mauti. Kisha tokea siku ya kumi na tano mpaka ya ishirini na moja ni siku zake njema. Hizo ndizo za duka, za kuzuru jamaa, za Ijumaa msikitini, za kulipa madeni. Basi anayemwona dukani siku ya kumi na saba akamtaja kuwa ajifanya, hakujua kuhesabu.

Juu ya siku za khatari nina neno ambalo sipendi kuliandika, na nitaliandika.

Mwaka 2011 ndugu yangu mdogo, wa tumbo moja nami, alikuwa akipewa dawa hizi. Usiku wa siku ya kumi na moja alitetemeka kwa baridi, mkewe akaniita. Niliweka kiganja juu ya paji lake nikasema: hii ni malaria, na nani pwani asiyeijua malaria? Tukampa vidonge vya malaria na vya kushusha homa, joto likashuka, tukafurahi. Nikamsomea, nikarudi kwangu nikalala. Alfajiri alikuwa hamjui mtu. Tulipomfikisha hospitali jua limekwisha panda, tabibu akauliza ni siku ya ngapi tangu dawa, nami sikuweza kumjibu. Alifariki siku ya pili yake kabla ya Adhuhuri. Ajali yake ilikuwa imeandikwa, hilo twaliamini. Lakini hapana kilichonizuia mimi kuuliza, wala sikuuliza.

Kwa hivyo, ndugu yangu uliyeko Nyamongo, shika haya kama ushikavyo nguzo za sala. Nunua kipimajoto. Joto likifika nyuzi 38, au ukitetemeka kwa baridi hata kama kipimajoto hakijafika hapo, basi ni safari ya hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Usinywe kidonge cha kushusha homa kwanza, kwa kuwa huificha homa wala hakiitibu. Ukae na fedha ya gari iliyowekwa kando isiyoguswa, na namba ya mwenye gari au pikipiki aliyekubali kuamshwa usiku. Usijiambie kuwa utangoja basi la asubuhi la Mwanza: kutoka Tarime kupita Bunda, Lamadi na Magu ni safari ndefu, na homa hii huhesabiwa kwa saa. Nenda panapopatikana tabibu karibu, kituo cha afya au hospitali ya wilaya Tarime, ukaonyeshe kadi yako na useme wazi: “Natiwa dawa za saratani, leo ni siku ya kumi, joto ni hili, nipimwe damu, nianziwe antibaiotiki ya mshipa bila kungoja, na Bugando wapigiwe simu.” Malaria nayo ipimwe, kwani nchi za Ziwa hazikuepukana nayo, lakini kuonekana malaria si dalili kwamba hapana jingine. Na mkeo ayajue maneno haya kama wewe, kwa kuwa huenda usiku huo wewe usiweze kusema.

Ama sala, fujo aliyoitaja hutokana na kudhani kuwa maradhi yana hukumu moja. Mwenye kuweza kusimama husimama, asiyeweza hukaa, asiyeweza kukaa hulala ubavu wake wa kulia akaelekea Kibla; na hayo yamethibiti katika hadithi ya Imran bin Husayn aliyoipokea Bukhari. Wala haikuwajibika kuwa namna moja kwa siku zote: siku ya sita asali akiwa amekaa, siku ya kumi na sita asimame. Na udhu wake ni mwepesi kuliko adhaniavyo. Kutapika, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi'i, hakuvunji udhu. Wala damu itokayo mahali pa sindano haivunji. Lakini matapishi ni najisi, basi asukutue na aoshe palipoingia. Kusinzia juu ya kiti, makalio yakiwa yamekaa imara hayakuinuka, nako hakuvunji. Na hili lamfaa sana siku ya dripu, maana katika dawa zitanguliazo iko iletayo usingizi.

Sindano ikishafungwa plasta nyuma ya kiganja, jambo huwa zito. Ataosha palipo wazi, atapangusa kwa maji juu ya plasta, na atatayamamu. Na kwa kuwa mkono ni katika viungo vya tayammum, qauli ya nguvu kwetu ni kuwa sala hiyo ataisali tena akishapona mahali hapo. Njia ya mtu mwenye akili ni kutia udhu hapo hospitali kabla sindano haijaingia, akauhifadhi. Na kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa ajili ya maradhi, mashuhuri ya madhehebu ni kutojuzu; walakin jamaa katika wakubwa wetu waliliruhusu, na Imam Nawawi mwenyewe akalitilia nguvu. Basi mwenye kufungwa katika dripu saa sita akilifuata hatulaumu.

Tayammum kwa hofu ya baridi ya maji haifai maadamu yaweza kupashwa moto, na Nyamongo kuni na mkaa hazikukosekana. Ikiwa tabibu amekataza maji kwa jaraha au donda, hapo atayamamu. Na udongo wake uwe safi wenye vumbi, alioutia katika mkebe nyumbani, si ule wa mabaki ya mawe yaliyosagwa kwa kutafutia dhahabu, ambao hujui umechanganyika na nini.

Ramadhani ikimkuta katikati ya dawa, asifunge. Ruhusa yake imo katika Sura ya Pili ya Qurani, wala haifai kuikataa ruhusa kwa kuona haya mbele ya watu. Akipona atalipa siku zake. Na ambaye matabibu wamemkatia tamaa ya kupona, atatoa kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku. Nimemwona mzee mmoja akifunga kwa siri katika siku zake za khatari, akiona ni ushujaa. Alizimia mbele ya mihrabu, na vijana wakapoteza sala yao kumbeba. Imepokewa na Bukhari kwa Abu Musa maana yake kwamba mja akiugua huandikiwa mfano wa yale aliyokuwa akiyatenda katika uzima. Basi daftari lake halikufungwa. Kwa nini aandike kwa mkono unaotetemeka yale ambayo ameandikiwa?

Chakula. Ndugu yetu alalamika kuwa nazi ni adimu huko, na wali bila nazi haumpiti kooni. Pole yake! Lakini uji wa ulezi upo, na ndizi zipo, na samaki wa Ziwa, na maziwa ya Wakurya ambayo pwani hatuyapati kwa wingi ule. Sharti ni moja: maziwa yachemke kwanza, na yale ya mgando ya kibuyu ayaache mpaka dawa zimalizike, kadhalika kachumbari na matunda yasiyomenywa, mayai mabichi, na nyama isiyoiva hadi ndani. Ale kidogo kidogo mara sita, kilichopoa, kwani harufu ya chakula cha moto huamsha kichefuchefu. Tangawizi husaidia wengine. Kinywa asukutue mara nyingi kwa maji yaliyochemshwa yenye chumvi kidogo, hasa baada ya kula. Mswaki wa mti ni sunna, lakini nyuzi zake ngumu hutoboa fizi zilizo dhaifu, na kila tundu ni mlango wa vijidudu. Na wanavyuoni wetu wamesema kuwa kitambaa nacho hutosha kupata sunna hiyo. Basi atumie kitambaa au mswaki laini.

Juu ya maji nina tahadhari ya mahali pale hasa. Mwaka 2009 maji yenye tindikali yalivuja kutoka mgodini yakaingia katika mto Tigithe, na watu wa vijiji vya hapo walilalamika sana. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi madini wala tindikali. Bali maji yakipungua sufuriani, madini hubaki yale yale. Basi mgonjwa achague kwanza maji yatokayo mahali pa kuaminika, kisha ndipo ayachemshe. Na wachimbaji wadogo hukusanya dhahabu kwa zebaki kisha huichoma moto. Moshi ule hudhuru figo na ubongo wa mtu mzima, sembuse wa mtu ambaye figo zake zatoa dawa kali usiku na mchana. Asikae karibu na moto huo hata dakika moja, wala asikubali kuwekewa zebaki dukani kwake kama amana.

Duka lenyewe asilifunge moja kwa moja. Mtu aliyenyimwa kazi yote hufa moyo kabla ya mwili. Siku za mwanzo na za khatari alishike mkewe au kijana wa kuaminika. Siku zake njema aketi mwenyewe, nusu siku, mbele ya mlango penye hewa, si ndani penye msongamano. Vinkristini hutia ganzi vidoleni, hata kuhesabu sarafu na kufunga vifungo vya kanzu kukawa tabu. Asione haya kumpa mtoto ahesabu. Asitembee miguu mitupu juu ya mawe yale, kwani hatajua amekatwa. Na wembe wa kinyozi auache. Anyolewe kwa mashine. Kuumikwa nako, ijapokuwa ni katika tiba zilizopokewa, kusubiri mpaka damu yake irejee, kwa kuwa visahani vya kugandisha damu navyo hupungua pamoja na askari.

Sasa wageni. Sisi watu wa pwani tumelelewa katika kumzuru mgonjwa, kumshika mkono na kuubusu, na kukaa kitako mpaka chai ije. Ni katika haki za Muislamu, hatulitengui. Lakini Mtume (s.a.w.) alikataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima, na hapa aliye dhaifu ndiye anayezuriwa. Basi mwenye mafua au kikohozi, au mwenye mtoto mwenye ukambi au tetekuwanga nyumbani, aombe dua kwake na apeleke salamu. Asiyekuwa nayo aoshe mikono kwa sabuni, akae karibu na mlango, asibusu mkono, na aondoke kabla hajaambiwa. Katika siku ya saba hadi ya kumi na nne, afadhali asije kabisa. Na Ijumaa ya siku hizo mgonjwa ana udhuru. Asali Adhuhuri nyumbani kwake.

Nyumbani, katika siku mbili za mwanzo baada ya dripu, dawa hutoka katika mkojo, jasho na matapishi. Anayefua nguo hizo avae mipira ya mikono, azifue mbali na za wengine. Na mke mwenye mimba asizishike kabisa. Choo kimwagiwe maji mengi. Na jambo la unyumba halikuharamika, lakini siku hizo watumie mpira, na kwa muda wote wa dawa, na baada yake kwa kadiri atakayosema tabibu, wasitafute mimba, kwani dawa hizi huharibu kilichomo tumboni. Kuizuia mimba kwa sababu hii hakuna ubaya katika madhehebu yetu. Na aliye kijana asiyezaa bado amwulize tabibu kabla ya dripu ya kwanza juu ya uzazi wake. Baada yake huenda ikawa mtu amechelewa.

Limebaki la mama yake, na ni zito, kwa kuwa mama hasukumwi. Tumemwandikia tumwambie kwa adabu hivi: Mama, kusoma Qurani juu ya mwanao ni haki yako na ni baraka; msomee kwa simu ukipenda, kila usiku. Lakini kombe la maji ya kisima lisilochemshwa, kwa mtu ambaye damu yake haina askari, laweza kumletea maradhi ambayo hukuyakusudia. Habbasoda na mitishamba mingine usimpe pasipo tabibu kujua, kwa kuwa ziko zigombanazo na dawa ndani ya ini, moja ikaizuia nyingine au ikaizidisha hata ikawa sumu. Na kitu kimoja zaidi: uvimbe wa shingo ulipotoweka baada ya dripu ya pili, ulifurahi ukasema amepona. Hakupona bado. Chembe zisizoonekana kwa jicho zimesalia, na wanaoachia hapo, maradhi huwarudia, na mara nyingi yakirudi dawa ile ile haiyawezi.

Na kwa wale wanaosema kuwa neno la tabibu si hoja mbele ya mtu wa dini, nawauliza: ni nani tuliyemfuata katika kuacha maji ya udhu tukatayamamu? Si tabibu mwaminifu? Na wako wanavyuoni wetu wa baadae waliosema hata asiyekuwa Muislamu, moyo wa mgonjwa ukimsadiki, afuatwe. Ikiwa neno lake limekubaliwa katika sharti ya sala, vipi likataliwe katika sindano? Imam wetu na wafuasi wake wamehesabu kujitibu kuwa ni sunna.

Ama gharama, hilo ndilo linalomrudisha mgonjwa nyumbani kuliko dhana ya mama yake. Nauli ya kwenda na kurudi Mwanza kila wiki tatu, na malazi, na duka lililofungwa nusu ya mwezi! Kila hospitali kubwa ina afisa wa ustawi wa jamii. Aende kwake kabla fedha haijamalizika, si baada ya kukimbia zamu. Na nyinyi mnaosoma haya Tanga, Pangani, Mombasa na Unguja, jueni kuwa kuihamisha zakaa kutoka mji wake kwenda mji mwingine, qauli ya nguvu kwetu yakataza. Basi zakaa ya walioko Nyamongo na Tarime ndiyo imstahikiayo huyu aliyefilisika kwa maradhi, na nyinyi mpelekeeni sadaka, ambayo haina mpaka. Tena mpelekeeni nauli. Machungwa na sukari anavyo.

Aliuliza pia mas-ala mawili mengine: juu ya deni la shariki wake katika mtaji wa kanga, na juu ya wasia wa mgonjwa ambaye haijulikani kuwa maradhi yake ni ya mauti au si ya mauti. Hayo yataka maelezo marefu, nasi tutayajibu katika kijitabu kitakachofuata, inshallah. Alipotuletea salamu za mwisho alikuwa katika kokwa ya kumi na nane, na duka liko wazi.

Wallahu aalam.